Karatasi Ifike Bafwasende Kabla ya Mfupa

Leo naongea juu ya nyonga. Naongea juu ya mtu aliyepasuliwa nyonga, kidonda kikapona, akarudi nyumbani kwa furaha, kisha polepole mguu ukaanza kukataa.

Mtu huyo mnamfahamu. Aliteleza na pikipiki kwenye matope ya mvua, au mti ulimwangukia porini, au udongo wa machimbo ulimporomokea. Familia ilichanga, ikauza mbuzi, ikakopa kwa jamaa, ikamlaza nyuma ya pikipiki au juu ya mizigo ya lori, kilomita takriban 260 za barabara ya taifa namba 4 kutoka Bafwasende hadi Kisangani, kila shimo la barabara likimtoa machozi. Akapasuliwa. Nyuzi zikatolewa, kidonda kikafunga vizuri, watu wakamshukuru Mungu na daktari. Mwezi wa pili anatembea kwa mikongojo. Mwezi wa tatu hawezi kujivalisha kiatu. Mwezi wa nne hawezi kuchuchumaa. Na sisi tunajua kijijini kuchuchumaa ni nini: ni choo, ni kuosha vyombo, ni kukoka moto, ni kupalilia mihogo. Asiyeweza kukunja nyonga anabaki kutegemea mikono ya wengine kwa mambo ambayo mtu mzima hapendi kusaidiwa.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anasema daktari amesahau chuma ndani. Mwingine anasema kuna jirani mwenye jicho baya. Wa tatu anasema ni uvivu, hataki kujinyoosha. Kumbe mara nyingine sababu ni hii: kuzunguka nyonga iliyopasuliwa, ndani ya nyama laini ambamo hamtakiwi kuwa na kitu kigumu, umeota mfupa mpya. Mfupa kamili, mgumu, wenye uboho wake, unaoonekana mweupe kwenye picha ya eksirei. Haukuletwa na mtu. Mwili wenyewe umeujenga, mahali pasipo pake. Ukienda kwa wataalamu utawasikia wakiuita osifikasioni heterotopiki. Mimi nitauita mfupa wa ziada, na mtanielewa.

Jambo linalonifanya nikae mbele ya maikrofoni leo ni kwamba mfupa huu, kwa wengi walio katika hatari, unaweza kuzuiwa kwa vidonge ambavyo bei yake ni ndogo kuliko nauli ya pikipiki kutoka Bafwasende. Vidonge vyenyewe mnavijua kwa sura. Vipo kwenye farmasi za Makiso na Mangobo, vipo kwenye meza za soko la Bafwasende, vinafika hadi kwenye machimbo ya dhahabu ambako hakuna muuguzi. Ni indometasini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao, zile dawa za kutuliza uvimbe na maumivu. Kwa hiyo dawa ipo. Kinachokosekana ni kuianza kwa wakati, na kinachobeba wakati huo ni karatasi anayopewa mgonjwa akiondoka hospitalini.

Nieleze kwanza habari ya wakati. Mtu anapopasuliwa nyonga, misuli mikubwa inakatwa au inasukumwa kando, damu inamwagika ndani ya nyama, na vipande vidogo vya mfupa na uboho vinabaki humo hata daktari akisafisha vizuri. Mwili unapokea habari kwamba kuna jeraha, na unaanza kutengeneza. Katika nyama yetu zipo seli changa ambazo hazijaamua bado zitakuwa nini: zinaweza kuwa misuli, mafuta, kovu au mfupa. Uvimbe wa baada ya upasuaji unamwaga kemikali ziitwazo prostaglandini, na prostaglandini ni mojawapo ya ishara zinazozisukuma seli hizo kwenda upande wa mfupa. Safari hiyo inaanza mapema ajabu. Waliochunguza jambo hili wanasema mabadiliko yanaanza ndani ya saa 16 au karibu yake, na yanafika kileleni katika siku mbili za kwanza. Fikirini: mgonjwa bado amelala, bado hajala vizuri, familia bado inauliza nani atalipa kitanda, na tayari seli zimepewa kazi.

Baada ya hapo kimya. Picha ya eksirei ya wiki ya kwanza haionyeshi kitu. Kivuli cha kwanza kinaonekana kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita. Mfupa unakomaa kwa miezi, hadi mwaka mzima. Ndiyo maana jambo hili linadanganya watu: uamuzi unafanyika Kisangani ndani ya siku mbili, matokeo yanaonekana Bafwasende baada ya miezi mitatu.

Mwaka 1971 mtaalamu John Vane, huko London, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1982. Miaka michache tu baada ya ugunduzi huo, daktari wa Norwei aitwaye Dahl alieleza kuwa wagonjwa wa nyonga waliopewa indometasini walipata mfupa wa ziada kidogo kuliko wengine. Baadaye majaribio ya kulinganisha makundi yalifuata katika nchi nyingi, na yakathibitisha kwamba dawa hizi, zikianzwa mara tu baada ya upasuaji, hupunguza hatari ya mfupa wa ziada kwa nusu na zaidi. Desturi iliyoenea zaidi ni indometasini ya miligramu 25, mara tatu kwa siku. Wengine huitoa kwa wiki moja au mbili, wengine hadi wiki sita. Kinachowaunganisha wote ni siku ya kuanza: siku ya kwanza, au ya pili.

Sasa angalieni tunavyofanya sisi. Mtu wa Bafwasende anaanza kumeza indometasini mwezi wa tatu, nyonga inapokaza na kuuma. Anainunua mwenyewe sokoni, anameza asubuhi na jioni, wiki kwa wiki. Maumivu yanapungua kidogo, kwa hiyo anaamini inafanya kazi. Lakini mfupa ukishajengwa, hakuna kidonge cha jamii hii kinachouyeyusha. Amechelewa kwa kazi ya kuzuia, na amejiingiza katika hatari zote za dawa bila kupata faida iliyokusudiwa. Hilo linanisikitisha kuliko kukosa dawa kabisa, maana hapa pesa imetumika, tumbo limeumizwa, na mguu uko palepale.

Kwa nini tuseme haya kwa nguvu katika jimbo la Tshopo? Kwa sababu nyonga zinazopasuliwa kwetu si za wazee matajiri waliochoka viungo. Ulaya na Marekani upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia ulienea baada ya kazi ya Sir John Charnley, aliyeanza mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, kutumia kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Huko wagonjwa wengi ni wazee. Afrika hali ni nyingine. Malawi walianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, na wenye kufuatilia wamejifunza kwamba katika nchi zetu waliooza kichwa cha fupa la paja, mara nyingi wakiwa na umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya, ni sehemu kubwa ya wanaohitaji nyonga mpya. Kisangani tunajua sababu moja kuu: SS, ugonjwa wa selimundu. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga uliofanywa mjini Kisangani ulionyesha zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano anabeba nusu ya urithi huo, na karibu mmoja kati ya 100 anazaliwa na ugonjwa wenyewe. Damu ya SS inaziba mishipa midogo, na kichwa cha fupa la paja ni mahali penye mishipa michache. Kinakosa damu, kinakufa, kinaporomoka. Kijana wa miaka 20 anatembea kwa kuyumba kama mzee.

Kundi la pili ni la pikipiki. Goti linagonga kitu, nguvu inapanda kwenye paja, kichwa cha fupa kinatoka nyuma na kuvunja ukingo wa kikombe cha mfupa kinamokaa. Upasuaji wa kurudisha kikombe hicho ni mrefu na unapita katikati ya misuli minene ya makalio. Hao ndio walio katika hatari kubwa kabisa ya mfupa wa ziada. Na kama mtu huyohuyo aligonga kichwa akalala bila fahamu kwa siku nyingi, hatari inapanda tena, maana majeraha ya ubongo na uti wa mgongo yana tabia ya kuamsha mfupa kwenye nyonga hata bila kisu. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1918, katika vita vya kwanza vya dunia, na daktari mwanamke wa Paris, Augusta Dejerine-Klumpke, pamoja na mwenzake Ceillier, walipowachunguza askari waliopooza kwa risasi za uti wa mgongo. Katika mji wetu wa Kisangani, ambako mabomu yalianguka kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 na kuacha walemavu wengi, historia hiyo ya majeraha ya vita haiko mbali nasi.

Basi, je, kila anayepasuliwa nyonga apewe dawa hizi? Hapa naomba msikilize kwa makini, maana jibu langu ni hapana, na nina sababu.

Kulifanyika jaribio kubwa Australia na Nyuzilandi, likachapishwa mwaka 2006. Watu 902 waliokuwa wakiwekewa nyonga ya bandia, katika vituo 20, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa ibuprofeni miligramu 1200 kwa siku kwa siku 14, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliomeza ibuprofeni walipata mfupa wa ziada mdogo kuliko wenzao, kama ilivyotarajiwa. Lakini walipoulizwa kati ya miezi 6 na 12 baadaye, unatembea vipi, unaumwa kiasi gani, makundi mawili yalikuwa sawa. Na upande wa ibuprofeni, wagonjwa waliovuja damu vibaya wakiwa bado hospitalini walikuwa karibu mara mbili ya wenzao. Watafiti wenyewe wakasema isitolewe kwa kila mtu kama desturi.

Mnaona maana yake? Mfupa wa ziada unaonekana kwa wengi, lakini kwa walio wengi ni vipande vidogo tu. Daktari Brooker na wenzake, mwaka 1973, waliupanga katika ngazi nne: ya kwanza ni visiwa vidogo ndani ya nyama, ya pili ni miiba inayotoka kwenye paja au kwenye nyonga na kuacha nafasi, ya tatu nafasi hiyo inabaki chini ya sentimita moja, na ya nne mfupa umeunganisha paja na nyonga kana kwamba hakuna kiungo. Mwenye ngazi ya kwanza anaweza kuishi miaka yote asijue. Mwenye ngazi ya nne ndiye tuliyemkuta kijijini hawezi kuchuchumaa. Kumpa dawa kila mtu ni kuwahatarisha wengi kwa ajili ya wachache. Kutompa yeyote ni kuacha nyonga za hao wachache zikaze. Kazi ya daktari ni kuchagua, na kazi yetu sisi wagonjwa na familia ni kumpa habari za kumsaidia kuchagua.

Nani achaguliwe? Yule ambaye aliwahi kuota mfupa wa namna hii upande mwingine, huyo kwanza kabisa. Mwanamume kuliko mwanamke. Mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo unaoukakamaza taratibu tangu ujana. Aliyevunjika kikombe cha nyonga na kupasuliwa kwa njia ya nyuma. Aliyeumia kichwa pamoja na nyonga. Anayepasuliwa mara ya pili mahali palepale. Familia inaweza kuyajua mengi ya haya kabla daktari hajauliza. Mama anajua kama mwanawe alilala bila fahamu siku tatu kwenye kituo cha afya kabla ya kusafirishwa. Aseme. Habari hiyo haimo katika picha ya nyonga.

Na nani anyimwe? Hapa naongea kwa uchungu, kwa sababu tumezoea dawa hizi mno. Kidonge kinachozuia prostaglandini kwenye nyonga kinaizuia pia tumboni, ambako prostaglandini ndiyo inayolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi. Ndiyo sababu ya vidonda, kutapika damu, choo cheusi kama lami. Kinaizuia pia kwenye figo, ambazo zinaihitaji ili zipate damu ya kutosha, hasa mtu akiwa amepungukiwa maji. Mgonjwa aliyepoteza damu katika upasuaji, kisha akasafiri siku mbili juani bila kunywa kwa sababu anaogopa kuomba kushuka kukojoa, anazifikisha figo zake kwenye ukingo. Ukimwongezea indometasini unaweza kuzisukuma.

Sasa rudini kwa yule kijana wa SS. Yeye ndiye mmoja wa wanaohitaji nyonga, na figo zake zimeshaumizwa na ugonjwa tangu utotoni, hata kama hazijaonyesha dalili. Pia amezoea kumeza diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu ya mifupa. Kwake dawa hii haifai kutolewa bila kupima figo kwanza na bila kumwuliza anameza nini tayari. Hili si la kubahatisha. Vilevile mwanamke mwenye mimba iliyokua, mtu mwenye historia ya vidonda vya tumbo, mzee mwenye moyo dhaifu, na yeyote anayepewa dawa za kuzuia damu isigande baada ya upasuaji: kwao daktari apime mara mbili.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa pikipiki wanapaswa kuijua. Dawa inayozuia mfupa usiotakiwa haina macho ya kuutambua mfupa unaotakiwa. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa waliovunjika kikombe cha nyonga pamoja na mfupa mwingine mrefu, wa paja, wa mguu au wa mkono. Kati ya waliopewa indometasini, asilimia 26 mfupa wao mrefu haukuunga. Kati ya wasiopewa, ilikuwa asilimia 7. Kwa hiyo mtu aliyewekewa chuma katikati ya paja na kurekebishwa nyonga kwa siku moja anataka uamuzi wa daktari aliyeona picha zote mbili. Muuza dawa wa sokoni hawezi kuufanya uamuzi huo, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Katika nchi tajiri kuna njia ya pili: dozi moja ndogo ya mionzi kwenye nyonga, siku moja kabla ya upasuaji au ndani ya siku tatu baada yake. Inafanya kazi vizuri na haigusi tumbo. Lakini mashine hizo ni za kutibu saratani, na eneo letu linajua shida yake. Uganda, mashine pekee ya mionzi katika hospitali ya Mulago iliharibika mwaka 2016, na nchi nzima ikabaki bila huduma hiyo kwa zaidi ya mwaka. Kwa mtu wa Tshopo njia hiyo tuiweke kando. Inabaki dawa, na inabaki kuitumia kwa akili.

Ndiyo maana nasema karatasi. Mgonjwa wa kutoka Bafwasende hakai Kisangani wiki sita. Hana pa kulala, hana wa kumpikia, na kila siku mjini inakula pesa. Anaruhusiwa baada ya siku chache au wiki mbili, anapewa karatasi iliyoandikwa haraka kwa Kifaransa, mara nyingi majina ya dawa tu na idadi. Muuguzi wa kituo cha afya anayempokea upande wa pili anasoma indometasini, anadhani ni ya maumivu. Mgonjwa akisema siumwi sana, muuguzi anaikatiza. Au mgonjwa akisema naumwa, muuguzi anaongeza na diklofenaki ya sindano juu yake, dawa mbili za jamii moja, tumbo likachomwa mara mbili. Simlaumu muuguzi huyo. Hakuambiwa.

Karatasi inayofaa ingemwambia. Ingesema upasuaji ulifanywa tarehe fulani, wa aina fulani, upande upi. Ingesema dawa hii imetolewa ili kuzuia mfupa wa ziada, haikutolewa kwa ajili ya maumivu, na ilianza tarehe gani. Ingetaja tarehe ya kuacha kwa siku na mwezi, kwa sababu neno "wiki mbili" likifika kijijini linaanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kufika. Ingesema usiongeze dawa nyingine ya jamii hii. Akiumwa, apewe parasetamoli. Ingesema mpe pamoja na chakula, na kama ana omeprazoli, ni kwa ajili ya kulinda tumbo. Ingesema choo kikiwa cheusi, akitapika damu, au mkojo ukipungua sana, acha mara moja na umpeleke hospitali kuu ya rufaa. Na chini kabisa namba ya simu ya idara iliyopasua. Mstari wa mwisho huo una thamani kubwa. Mtandao wa simu unafika Bafwasende kabla lori halijafika.

Nimesikia madaktari wakisema muda wa kuandika yote hayo hawana. Ninawaamini, wodi zimejaa. Lakini karatasi hiyo haihitaji kuandikwa upya kila mara. Inachapishwa mara moja, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kwa Lingala kwa wanaotaka, nafasi zikiachwa wazi kwa tarehe na dozi. Hospitali ya chuo kikuu, hospitali kuu ya Makiso, Hospitali ya Cinquantenaire, zote zinaweza kukubaliana juu ya karatasi moja. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaweza kuitunga na walimu wao kwa mchana mmoja.

Niseme na neno juu ya kukanda, maana najua wapo wanaosikiliza ambao kazi yao ni hiyo. Wazee wetu wanaounga mifupa wana mikono yenye ujuzi, na wengi tumetibiwa nao. Lakini nyonga iliyopasuliwa au iliyotoka na kurudishwa, msiikande kwa nguvu, msiivute kwa kamba, msiisukume mgonjwa akipiga kelele. Nyama iliyojeruhiwa ikiumizwa tena na tena inapewa sababu mpya ya kujenga mfupa ndani yake. Mazoezi yapo, na ni lazima: mgonjwa mwenyewe akunje na kunyoosha mguu kadiri anavyovumilia, kila siku, kidogo kidogo, kwa jinsi alivyoonyeshwa hospitalini. Tofauti ni nani anayesukuma. Akisukuma mgonjwa, misuli yake inamwambia akome wapi. Akisukuma mtu mwingine, haisikii misuli hiyo.

Na ninyi ambao nyonga zenu zimeshakaza tayari? Msikubali kuambiwa ni mfupa wa ziada bila picha. Nyonga inaweza kukaza kwa usaha uliojificha, kwa kifua kikuu cha mfupa, kwa chuma kilicholegea. Wiki za mwanzo mfupa wa ziada nao unaleta joto na uvimbe, kwa hiyo hata daktari anaweza kuhitaji kupima damu ili ajue. Mkiwa na homa, au kidonda kimefunguka na kutoa maji, msingoje hata siku moja. Mashariki ya Uganda, upande wa Kumi, wamewakuta watoto wengi wenye nyonga zisizokunja kwa sababu ya makovu ya sindano zilizochomwa makalioni, hakuna mfupa wa ziada humo kabisa, na matibabu yake ni mengine.

Picha ikionyesha kweli ni mfupa wa ziada, na ni ule wa ngazi ya tatu au ya nne unaomzuia mtu maisha yake, unaweza kutolewa kwa upasuaji. Madaktari wengi husubiri ukomae, mara nyingi miezi 6 hadi mwaka tangu upasuaji wa kwanza, kwa sababu mfupa ambao bado unakua ukikatwa unarudi. Kungoja huko ni kugumu, lakini kuna sababu. Na siku utakapotolewa, mwili unarudi tena saa ya kwanza: nyama imekatwa, damu imemwagika, seli zinasubiri ishara. Mtu huyo sasa ni wa kwanza kabisa katika orodha ya wanaostahili dawa ya kuzuia, ikiwa figo na tumbo lake vinaruhusu, na dawa hiyo lazima ianze siku ya kwanza au ya pili, akiwa bado Kisangani. Kwa hiyo mgonjwa, au mama yake, au yeyote anayemsindikiza, amwulize daktari maswali matatu usiku ule wa upasuaji: mgonjwa wetu yumo katika walio hatarini kuota mfupa wa ziada? Kama yumo, dawa inaanza lini? Na tarehe ya kuacha iko wapi kwenye karatasi?